Port Arthur Juu ya Plaiwudi: Kazi Imefika Langoni

Mlango wa bandari umekamilika, na ndio sehemu niliyokuwa naisubiri kuliko zote. Mradi wangu ni mfano wa bandari ya Port Arthur kama ilivyokuwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 1904, pale Wajapani walipoibuka gizani na kuzirushia topido (mabomu yanayosafiri ndani ya maji) manowari za Urusi zilizotia nanga, vita ikiwa bado haijatangazwa. Leo mahali hapo panaitwa Lüshunkou, katika mji wa Dalian, nchini China. Natumia plaiwudi nzima, futi nane kwa nne, kwa kipimo cha 1:2000. Sentimita moja ya ubao ni mita 20 za kule, na manowari yenye urefu wa karibu mita 118 inakuwa kijipande cha mbao cha sentimita 6 hivi.

Shambulio la kushtukiza dhidi ya kambi ya manowari likitajwa, wengi hukumbuka Pearl Harbor ya Desemba 1941. Port Arthur ilitangulia kwa miaka 37. Kwangu ina mvuto wa pekee, maana kadiri ninavyochonga na kubandika ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba topido za usiku ule hazikuamua mambo makubwa. Kilichoamua ni bandari yenyewe: mlango wake mwembamba, maji yake haba. Kila nikigusa sehemu mpya ya kazi hii narudishwa palepale mlangoni.

Nchi kavu

Vilima nimevijenga kwa tabaka za maboksi ya bidhaa, nimezikata kwa kufuata mistari ya mwinuko kwenye ramani, nikazibandika kwa gundi ya mbao na juu nikapaka unga wa gipsam, ule wanaotumia mafundi wa dari. Ukishika kiasi unachongeka vizuri kwa kisu cha kawaida. Ukikauka kabisa ni msasa tu, na vumbi lake linapenya hadi kwenye kabati la nguo, kwa hiyo anayetaka kuiga achonge mapema.

Mashariki ya mlango unasimama Mlima wa Dhahabu. Magharibi iko rasi ya Chui Milia, na mkia wake wa nchi unajikunja kuelekea ndani. Ukishapita hapo unakuta hori mbili. La mashariki ni dogo, ndilo lenye gati na karakana. La magharibi ni pana, lakini sehemu kubwa yake maji ni mafupi na Warusi walikuwa bado wanachimba kuongeza kina. Mizinga ya pwani nimeiweka kwa vichwa vya pini.

Kwa nini Urusi iling'ang'ania mahali penye shida namna hii? Kwa sababu Vladivostok huganda wakati wa baridi, na Port Arthur haigandi. Japani iliiteka kutoka kwa China katika vita vya 1894 na 1895, kisha Urusi, Ufaransa na Ujerumani zikailazimisha iirudishe. Mwaka 1898 Urusi hiyohiyo ikaikodi kutoka kwa China na kuingia yenyewe. Ukilijua hilo huhitaji kuuliza hasira ya Japani ilitoka wapi. Mazungumzo kuhusu Manchuria (kaskazini mashariki mwa China) na Korea yalivutana mpaka Japani ikavunja uhusiano wa kibalozi tarehe 6 Februari 1904. Siku mbili baadaye manowari zilikuwa njiani. Tangazo la vita likaja tarehe 10, na Japani ilikuwa na mkataba na Uingereza tangu 1902, hivyo hakuna taifa jingine lililothubutu kuingia upande wa Urusi.

(Atakayesoma vitabu vya Kirusi atakuta shambulio limeandikwa tarehe 26 na 27 Januari. Ni usiku uleule. Kalenda yao ilikuwa nyuma kwa siku 13.)

Bahari

Maji nimeyapaka kwa kufuata kina. Palipo na kina kirefu ni buluu nzito inayokaribia weusi, palipo na kina kifupi ni kijani cheupe, na juu yake tabaka za vanishi, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata. Sikutaka bahari ya rangi moja. Bila kuonyesha kina, mtu atautazama ubao huu na kujiuliza mbona Warusi walilala nje na bandari iko nyuma yao.

Jirani yangu, mzee aliyekuwa nahodha wa majahazi, alikuja kuangalia. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akakaa kimya akifuata ile rangi ya kijani kwa ncha ya kidole hadi mlangoni.

"Mwanangu, hizi kubwa zinatoka na maji gani?"

"Yakijaa tu, Mzee. Yakipwa hazipiti."

"Basi aliyeziweka huku nje hakuwa mjinga. Alikuwa na mabaya mawili, akachagua moja."

Sijaona mahali palipoelezwa vizuri zaidi ya hapo. Manowari kama Retvizan ilikuwa inazama karibu mita 8 majini. Kikosi kizima kikiwa ndani, kukitoa kulikuwa kazi ya kusubiri maji na kupita moja moja, na adui angeweza kuja mkakwama humo kama samaki ndani ya dema. Kikiwa nje, kiko tayari kwa safari lakini kiko wazi. Admirali Oskar Stark, aliyekuwa mkuu wa kikosi, amebebeshwa lawama nyingi. Wavu wa kuzuia topido haukushushwa, na hilo ni kosa la kweli. Lakini jioni ileile alikuwa na kikao ndani ya meli yake, Petropavlovsk, wakizungumzia ulinzi. Nadhani haki yake ni kutazamwa pamoja na bandari aliyopewa.

Meli

Nachonga kwa vipande vya mninga ninavyopewa na fundi seremala wa mtaani. Mninga haupasuki ovyo hata ukiwa mwembamba. Mabomba ya moshi ni waya wa shaba wa nyaya za taa, ule wa 1.5; nikiuvua ganda unanipa unene unaokaribiana kabisa na kipimo. Milingoti ni nyuzi za brashi ya waya.

Kwa ukubwa huu meli zinatambulika kwa mabomba yake. Askold ina matano membamba yaliyopangwa mstari, na kuyasimamisha yote wima bila moja kuinama kulihitaji kibano na subira. Pallada ina matatu, Retvizan matatu, Tsesarevich mawili. Tsesarevich ndiyo iliyonipendeza kuliko zote, imejengwa Ufaransa, mbavu zake zinajaa chini na kubana kadiri unavyopanda juu, na umbo hilo nimelipata kwa kuzungusha msasa taratibu kando ya omo (mbele ya meli) kuelekea tezi (nyuma yake). Retvizan ilijengwa Philadelphia, Marekani. Mikasa, meli ya Admirali Togo, mkuu wa kikosi cha Japani, ilijengwa Uingereza, na ingali ipo hadi leo Yokosuka kama makumbusho.

Rangi ya za Urusi ni zeituni iliyokolea. Walikuwa wameacha nyeupe miezi michache kabla, dalili kwamba nao waliinusa vita.

Nimezipanga kwa mistari minne, zikipishana kama kete za bao la drafti, nafasi kati yao ikiwa karibu mita 370, yaani sentimita 18 na nusu ubaoni. Manowari kubwa ni saba, zilizobaki ni za ngazi ya chini yake.

Usiku wenyewe

Togo alituma manowari ndogo ziendazo kasi katika makundi mawili. Nane zilikwenda Dalny, bandari nyingine ya Warusi jirani na hapo, na hazikukuta kitu. Kumi zikaja Port Arthur. Njiani ziliona taa za manowari mbili za doria za Urusi, zikazima taa zao na kukwepa, na katika purukushani hiyo mbili za Japani zikagongana. Wale wa doria walikuwa na amri ya kutofyatua; wakiona kitu warudi kutoa taarifa. Karibu na saa sita usiku topido zikaanza kurushwa.

Hapa nimetumia taa ndogo sana za LED, mbili tu, waya zimepita chini ya ubao. Moja iko kwenye Retvizan, ya pili kwenye Pallada, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zamu ya kumulika bahari kwa kurunzi usiku huo. Ukizima taa za chumba, zinazoonekana ubaoni ni hizo mbili. Mpwa wangu alisimama upande wa kusini, walikotokea Wajapani, akainama usawa wa maji na kusema, "Mjomba, mimi ningepiga hizo hizo." Na kweli zote mbili zilipigwa. Ya tatu ilikuwa Tsesarevich, kushoto kuelekea tezi, ikalala upande mpaka mabaharia wakaingiza maji vyumba vya upande wa pili kuisawazisha. Retvizan ilipigwa kushoto kuelekea omo. Pallada ilipigwa palipohifadhiwa makaa ya mawe.

Topido zilizorushwa zilikuwa kama 16. Tatu tu ndizo zilizopata shabaha, na hakuna meli hata moja iliyozama. Asubuhi Togo akaja na meli zake kubwa akitarajia kumaliza kazi, akapokewa na mizinga ya pwani pamoja na ya meli, akarudi nyuma.

Mlango

Meli zilizojeruhiwa zilijaribu kujikokota kuingia ndani. Zilikuwa zimeshajaa maji, kwa hiyo zinazama zaidi ya kawaida, na mlango hauna kina cha ziada. Retvizan ikapanda fungu palepale. Nimeiweka kama ilivyokaa, omo imelala chini kidogo. Nilimega vanishi ili kutengeneza kiti chake, kisha nikarudishia rangi kuizunguka.

Ilikaa hapo wiki kadhaa, na ajabu ni kwamba ikawa ngome. Usiku wa kuamkia 24 Februari Wajapani walileta meli tano za mizigo wazizamishe mlangoni wauzibe. Retvizan, ikiwa imekwama, ikazimiminia risasi, na mlango haukuzibwa. Wajapani walirudia mbinu hiyo baadaye na bado hawakufaulu kuufunga. Gudi ya Port Arthur, yaani mahali pakavu pa kutengenezea meli, ilikuwa ndogo mno kwa manowari kubwa, hivyo mafundi walitengeneza masanduku makubwa ya mbao, wakayabana ubavuni mwa meli, wakapampu maji nje na kuziba tundu wakiwa ndani yake. Kufikia Juni 1904 Retvizan na Tsesarevich zilikuwa zinaelea zikiwa nzima. Kwa mchonga mifano ya mbao kama mimi, lile sanduku ndicho kitu nitakachochonga kwa mapenzi makubwa.

Admirali Makarov alipofika Machi kuchukua nafasi ya Stark, jambo lake la kwanza lilikuwa mlango: aliwafundisha kutoka kikosi kizima kwa mjao mmoja wa maji. Tarehe 13 Aprili Petropavlovsk ikakanyaga bomu lililotegwa majini, Makarov akafa, na pamoja naye mchoraji Vasily Vereshchagin. Mwezi uliofuata, tarehe 15 Mei, Wajapani nao wakapoteza manowari mbili kubwa, Hatsuse na Yashima, kwa mabomu ya Warusi. Pande zote mbili zilikuwa zinawinda njia zilezile za kuingilia na kutokea.

Tarehe 10 Agosti kikosi kilijaribu kuvunja kizuizi kwenda Vladivostok. Kamanda wake Vitgeft aliuawa, Tsesarevich ikakimbilia bandari ya Wajerumani ya Tsingtao na kuzuiliwa huko, nyingi zikarudi Port Arthur. Baada ya hapo zilikuwa zinangoja mwisho wao. Jenerali Nogi wa Japani alizingira kutoka nchi kavu na kumwaga damu nyingi ya askari wake. Wanawe wawili walikufa katika vita hiyo. Kilima cha Mita 203 kilipotekwa tarehe 5 Desemba, waangalizi wakaiona bandari yote na kuelekeza mizinga ya sentimita 28 juu ya meli zilizofungwa humo. Sevastopol pekee kati ya zile kubwa ilijitoa nje, na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe kwenye maji ya kina. Ngome ilisalimu amri tarehe 2 Januari 1905.

Kilima hicho hakiingii kwenye ubao wangu, kiko mbali zaidi kaskazini magharibi. Nimechora mshale pembeni.

Kinachofuata

Ubao wa pili utakuwa mdogo, na utakuja karibu na kwetu. Urusi ilituma kikosi kingine kutoka Bahari ya Baltiki, Oktoba 1904, chini ya Admirali Rozhestvensky. Meli kubwa zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, nyingine zikapita Suez, zikakutana Nosy Be, Madagaska, Januari 1905. Walikaa hadi Machi, katika joto la kaskazi, makaa ya mawe yakirundikwa mpaka kwenye sitaha, na huko Madagaska ndiko walikopata habari kwamba Port Arthur waliyokuwa wanaiendea imekwisha anguka. Waliendelea na safari hadi Tsushima, Mei 27 na 28, ambako karibu kikosi chote kiliangamia. Mkataba wa amani ulitiwa saini Portsmouth, Marekani, Septemba 1905.

Kwa Nosy Be nataka kipimo kilekile cha 1:2000, ili meli ziwe za ukubwa mmoja na za ubao wa kwanza. Mninga ninao wa kutosha. Ninachotafuta sasa ni ramani ya zamani inayoonyesha kina cha maji ya pale, na waya zaidi wa 1.5 kwa ajili ya mabomba.