Kumbukumbu ya mradi: sakafu ya moto ya bafu la Chesters, kipimo 1:10

Bafu la askari wa Kirumi la Chesters, lililo nje ya ngome ya Cilurnum kwenye mteremko wa mto North Tyne, kaskazini mwa Uingereza, bado lina kuta zinazofika kama mita 3. Wageni hupiga picha vidaka 7 vya chumba cha kwanza. Mfano huu unaviacha vidaka. Unashughulikia uvungu wa chumba cha moto, yaani nafasi chini ya sakafu inamopita hewa ya moto kutoka tanuru.

Vipimo. Futi ya Kirumi ni sm 29.6. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, anataka nguzo za matofali yenye upande wa theluthi mbili za futi, kimo futi 2, juu yake vigae vya futi 2. Kwa 1:10 tunapata tofali la mm 20, nguzo ya mm 59, kigae cha mm 59. (Kwenye ngome za mpakani mwa dola ya Kirumi nguzo nyingi zilikuwa za mawe, hata vipande vya majengo ya zamani. Matofali yamechaguliwa kwa sababu vipimo vyake vinajulikana.) Vigae 20, yaani 5 kwa 4, vinahitaji nguzo 30.

Ardhi ya uvunguni huinamia tanuru. Vitruvius anasema mpira ukitupwa ndani urudi wenyewe mlangoni. Hivyo safu 3 za karibu na tanuru zina matofali 14, na 3 za nyuma 13. Jumla 405. Fyatua 450, yatavunjika.

Udongo. Huu unasinyaa asilimia 8, kwa hiyo kalibu ya tofali ni mm 21.7, ya kigae mm 64. Hapa ndipo kazi ilipoharibika. Vigae vya kwanza vilikaushwa juani, vikapinda kama kaukau. Kila kona ya kigae inalalia mm 10 tu za nguzo, basi kigae kilichopinda hucheza, na zege likimwagwa kinapasuka. Dawa: vikae kati ya mbao mbili siku 5 kivulini, vigeuzwe kila asubuhi, ndipo viingie jokoni.

Maungio. Udongo uliokandwa na manyoya ya mbuzi, unene mm 0.5. Chokaa isitumike kwenye nguzo: moto huifanya unga, ilhali udongo huzidi kukaza. Tofauti ndogo za kimo zimalizwe hapo, kwa kamba na pimamaji.

Kinachofuata. Zege la mm 20 kwa tabaka mbili: chokaa 1, matofali yaliyopondwa 3, chenga zisizozidi mm 2. Lifunikwe kwa gunia bichi. Likikauka haraka linachanika juu. Moto wa kwanza baada ya wiki 4, makaa machache tu, na mirija ya ukutani iwe wazi hadi juu, la sivyo moshi wote unarudi mlangoni.

Nguzo moja ya kona ina tofali lenye ufa. Litatolewa kabla ukuta haujapanda, maana kati ya nguzo na nguzo kuna mm 39 tu na mkono haupiti.