Hamad Ali wawili, ufunguo mmoja

Jana jioni nimeaibika barazani kwa ami, mbele ya wachumaji wote, na aliyeniponza ni mimi mwenyewe na laptop yangu.

Nipo Pemba, huku upande wa Wete, msimu wa karafuu. Ami ana mikarafuu ya urithi, na wachumaji analipa kwa pishi, jioni ile ile, kabla ya adhana ya magharibi. Hesabu zake huziandika kwenye daftari. Safari hii, kwa vile mtoto wa nduguye anasoma kompyuta Unguja, akaona aipumzishe kalamu: anaandika kwenye simu, ananitumia, mimi napiga hesabu. Mistari yake iko hivi:

Hamad Ali: pishi 7, kaanza saa 1:30

Nikasema hii kazi ya dakika kumi. Katika Python, lugha ya kuandikia programu, unasoma faili mstari kwa mstari, unakata penye nukta mbili, kushoto ufunguo, kulia thamani, unatia kwenye kamusi, yaani orodha ambayo kila ufunguo una thamani yake. Ukitaka kujua mtu kachuma pishi ngapi, unaita jina lake tu.

Kosa la kwanza lilijitangaza lenyewe. Nilikata kwa `split(":")` na saa 1:30 nayo ina nukta mbili, kwa hiyo mstari ukatoka vipande vitatu badala ya viwili, programu ikagoma palepale. Nikaandika `split(":", 1)`, ikate mara moja tu, basi. Makosa ya namna hiyo nayapenda, yanapiga kelele.

La pili halikusema kitu.

Jioni tumekaa. Uani kinamama bado wanachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, vidole vimepiga weusi, harufu imejaa mpaka kwenye chai. Nasoma jina, ami anatoa pesa. Nikafika kwa Hamad Ali: pishi tano. Akasimama kijana wa Mtambwe. "Tano? Mimi nimepima saba, na ami alikuwepo." Nikatazama kioo. Tano. Nikamwambia ngoja kidogo, nikaendelea, majina yakaisha, na pale ukutani akabaki mzee mmoja wa Kojani ambaye hakusomwa kabisa.

"Shikamoo mzee. Jina lako nani?"

"Marahaba. Hamad Ali."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Kamusi haishiki ufunguo mmoja mara mbili. Ukiutia tena, thamani mpya inakaa juu ya ile ya zamani, na huambiwi lolote, hata onyo. Mistari ya ami ilikuwa 23, kamusi yangu ilikuwa na majina 22, na sikujishughulisha kuhesabu. Hila zaidi ni mpangilio. Tangu Python 3.7, ya mwaka 2018, kamusi inahifadhi mfuatano wa kuingizwa, na ndiyo maana niliweza kusoma majina kwa mfuatano wa ami. Lakini ufunguo ukirudiwa, nafasi inabaki ile ya kwanza. Hamad wa Mtambwe alikuwa wa nne, wa Kojani wa kumi na tisa. Kwa hiyo pale pa nne palikuwa na jina la mmoja na pishi za mwingine, na ukitazama haraka huoni pengo lolote. Jumla ndiyo iliyosema kweli: kwa ami 118, kwangu 111. Zile saba za kijana.

Usiku sikulala mapema. Nilidhani dawa ni kujumlisha: jina likirudi, ongeza pishi juu ya zile za mwanzo. Ni sawa kwa Bi Mize, ambaye siku nyingine huchuma asubuhi akarudi tena alasiri; mistari miwili, mtu mmoja. Kwa akina Hamad ingekuwa balaa, mtu mmoja wa pishi kumi na mbili na mwingine hana kitu. Maandishi hayatofautishi mambo haya mawili. Ami anatofautisha bila kufikiri, kwa sababu kichwani mwake hakuna "Hamad Ali" aliye peke yake. Yuko Hamad wa Mtambwe, yuko Hamad wa Kojani. Huku kwetu, kwa majina ya baba na babu yanavyojirudia, nani anamwita mtu kwa jina tupu? Nilijua hilo tangu mdogo, nikalisahau nilipofungua laptop.

Kwa hiyo sasa programu ikikuta jina limeshaingia, inasimama na kuniuliza: huyu ni yule yule? Nikisema ndiyo, inajumlisha. Nikisema siye, inafungua ufunguo mpya na kuutia namba mwishoni. Na kabla ya kulipa inalinganisha jumla na ya ami. Si msimbo wa kujivunia, lakini leo imetoka pishi kwa pishi.

Mzee wa Kojani nimemlipa ya jana na ya leo pamoja. Amezihesabu mara mbili, akazikunja ndani ya kofia, kisha akainama kutazama kioo.

"Hapa umeandika nini, mwanangu?"

"Hamad Ali 2, mzee."

"Mbili? Mimi nimezaliwa kabla ya babake yule kijana."

Nimebadilisha. Sasa ufunguo wake ni Hamad Ali wa Kojani.