Maji Yaliyopita Katikati ya Waranti Mbili

Juzi kitinda mimba wetu alikuwa anatafuta betri za kurunzi. Akafungua kabati la chini ya kochi, kule ndani ya motohomu, lile gari letu la safari lenye vitanda na jiko, akatoka na ule mfuko mweusi wa zipu na kuumwaga wote mezani. "Mama, gari ni moja, mbona lina vitabu vyote hivi?" Nikamjibu kwamba kila kitabu kina mwenyewe. Jibu lilimtosha, akaenda zake na betri. Mimi nikabaki na vitabu, na ile Julai ikanirudia yote.

Tulikuwa tunakwenda Badlands, hifadhi ya taifa kule Dakota Kusini. Mama yangu alikuwa bado yuko nasi, hajarudi Tanga. Usiku ilinyesha mvua ya upepo, ya kupiga kutoka mbele, na asubuhi mtoto mmoja akashuka kutoka kile kitanda cha juu ya kichwa cha dereva shati limelowa mgongo mzima. Nikapeleka mkono juu. Godoro lilikuwa limeshiba maji upande wote wa mbele, na dari ya pale pembeni inabonyea kwa kidole. Baba Watoto hakusema neno. Alifungua daftari lake, akaandika tarehe, saa na mahali, akapiga picha, akageuza gari. Badlands hatukuiona mwaka ule.

Mnaonijua mnajua siku ya kununua nilivyokaa kwenye ofisi ya fedha ya yadi iliyotuuzia gari, nimekataa kutia sahihi mpaka niletewe waranti, yaani dhamana za watengenezaji, nizisome. Kijana aliyekuwa anatuhudumia alisema zimo kwenye mfuko, na mfuko hutolewa siku ya kukabidhiwa gari. Nikamwambia kwamba sheria ya shirikisho ya mwaka 1975, hiyo inayoitwa Magnuson-Moss, na kanuni zake, zinampa mnunuzi nafasi ya kuona masharti kabla hajanunua. Akatoka, akarudi na mfuko. Nilisoma mpaka kahawa ikapoa. Kwa hiyo nilikuwa najua tangu siku ile kwamba hakuna kitu kinachoitwa waranti ya motohomu. Zipo waranti nyingi zilizopanda gari moja. Nililijua hilo kwa macho, kwenye karatasi. Kwa mkono, kwenye bati na mbao, nilikuja kuonyeshwa karakanani.

Fundi aliyetupokea alikuwa mzee, nywele nyeupe, mikono imejaa makovu ya bisibisi. Kwanza alimvutia mama yangu kiti kivulini, na kwa hilo tu nikampenda. Kisha akaniomba ule mfuko. Akatoa vitabu kimoja kimoja akavipanga juu ya meza yetu ya kulia, akaniambia twende, akaanza kulizunguka gari huku kiganja chake kinapita juu ya kila kitu anachokitaja.

Kuanzia bampa ya mbele, alisema, injini, giaboksi, ekseli, usukani, chasisi nzima, kioo cha mbele na milango ya dereva na abiria, hii ni Ford. Miaka 3 au maili 36,000, chochote kitakachotangulia. Injini na mitambo inayozungusha magurudumu, miaka 5 au maili 60,000. Akainama akagonga tairi: hili lina kitabu chake, ukipata shida usinijie mimi wala Ford. Tukaingia ndani. Friji, kitabu chake. Jiko, hita ya maji, kiyoyozi, kila kimoja na kiwanda chake na kadi yake ya kusajili. Jenereta vilevile. Akapanda ngazi ya nyuma, akaniita nichungulie paa. Lile tandiko jeupe la juu lilikuwa na waranti ya miaka 12, lakini ni tandiko peke yake. Gundi inayoziba kingo, matundu na madirisha ya paa haimo. Yaliyobaki, yaani kuta, sakafu, makabati, mabomba na nyaya, ni ya kiwanda kilichojenga nyumba kule Indiana, ambako sehemu kubwa ya magari haya ya Marekani hutengenezwa. Huko tulikuwa na mwaka 1 au maili 12,000, na kiunzi cha kuta na paa miaka 3.

Halafu akatoa kipimo cha unyevu, kidude cha kushika mkononi chenye pini mbili. Akaanzia kitandani kwetu, nyuma kabisa. Kimya. Jikoni, kimya. Alipofika karibu na kiti cha dereva kikalia mara moja, kikanyamaza. Akapandisha mkono kwenye kitanda cha watoto na kidude hakikunyamaza tena. Akakizima, akafungua utepe wa pembeni, skrubu moja baada ya nyingine, akiziweka kwenye kikombe ili zisipotee. Nyuma yake mbao ilikuwa imegeuka kahawia. Akaielekeza bisibisi, akasukuma kidogo tu, ikaingia hadi mpini.

"Hapa," akasema.

Pale ndipo bati la Ford lilipoishia na nyumba ya Indiana ilipoanzia. Kiungo chembamba, kimezibwa kwa gundi nyeupe, na gundi ilikuwa imeachia urefu wa kidole. Nikashuka nikamweleza mama, aliyekuwa anatufuata kwa macho muda wote. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, hii ni kama pilau ya shughuli. Mchele kaosha huyu, nyama kachemsha yule, masala kaweka mwingine. Chumvi ikizidi, kila mtu atakwambia yeye alikuwa kwenye vitunguu." Nikamfikishia yule fundi maneno yale. Akatikisa kichwa polepole, akaenda kuandika ripoti.

Na ndivyo ilivyokuwa. Wakala wa chasisi alisema kiungo si chao, na kwa haki si chao, kwa sababu aliyeiunga nyumba na kibanda cha dereva ndiye aliyekijenga kile kiungo. Kiwanda, kwa simu, kiliuliza mambo mawili. La kwanza, je, tunaishi humo mwaka mzima au tunalikodisha? Kwenye kitabu chetu, ukifanya lolote kati ya hayo waranti imekufa. La pili, je, tumekuwa tukikagua gundi za paa na viungo kila siku 90, kama ukurasa wa matunzo unavyotaka, na ushahidi uko wapi?

Hapo ndipo daftari la Baba Watoto liliposimama. Mtu aliyeendesha malori miaka yote hiyo hawezi kuwasha gari bila kulizunguka na kuandika alichokiona. Ni kazi yake na ni tabia yake. Tarehe zilikuwepo, picha za paa zilikuwepo, risiti za gundi zilikuwepo, na ni gundi ya aina ileile iliyotajwa kwenye kitabu. Tukavituma vyote. Kiwanda kikakubali kulipia matengenezo.

Kukubali ni jambo moja, kutengenezwa ni jingine. Yadi ilingoja idhini, ikangoja mbao, ikangoja zamu. Tulilipata gari majani ya miti yakiwa yameshakuwa manjano, na siku zote hizo ule mwaka 1 uliendelea kujihesabu kana kwamba gari lilikuwa linatumika. Godoro halikulipwa. Ada za kambi hazikulipwa. Likizo ya Baba Watoto haikulipwa. Kitabu kinasema kwa herufi kubwa kwamba hasara zinazofuatia ubovu hazimo. Nikaitazama sheria ya hapa Minnesota inayomlinda mnunuzi wa gari jipya lenye ubovu usiotengenezeka. Kwa magari ya aina hii inashughulika na chasisi tu, sehemu ya kulala na kupikia haigusi. Kwa hiyo kiungo kilichovuja kwetu kilikuwa nje ya sheria ileile ambayo kila jirani alinitajia kwa matumaini.

Linalonikera mpaka leo ni huo mwaka 1. Hapa kwetu mwaka 1 una majira ya baridi mara moja. Maji yakiingia kwenye ufa mwembamba Novemba, yanaganda, yanatanuka, yanaupanua ufa. Machi yanayeyuka, yanaingia ndani zaidi. Kiungo kibaya kinaweza kuvumilia baridi ya kwanza na kuachia baada ya ya pili, wakati waranti ya nyumba imeshakwisha na umebaki kubishana kama kilichooza ni kiunzi cha miaka 3 au ni gundi isiyo na mwaka hata mmoja. Sisi chetu kiliachia mapema. Sijui kama niite bahati. Naamini kwa moyo wote kwamba anayezikusanya kazi za viwanda vyote hivyo, akabandika jina lake ubavuni na kuuza, angejibu kwa gari zima kwa baridi mbili angalau, kisha yeye ndiye adaiane na wenzake.

Mdogo wangu wa Dallas ananiuliza kama achukue ule mkataba wa huduma wa miaka saba anaouziwa pale ofisini pamoja na mkopo. Nimemwambia aulete mzima, si karatasi ya rangi yenye picha. Huo si waranti ya kiwanda. Ni ahadi ya kampuni nyingine inayonunuliwa kwa pesa yake, na mara nyingi maji yanayopenya kidogo kidogo yametajwa kwenye ukurasa wa yasiyolipwa. Achukue au asichukue, sina hakika. Dallas hakuna baridi yetu, lakini kuna mawe ya mvua na jua la kukausha gundi. Nitausoma kwanza.

Baba Watoto anaona tulipata haki yetu na jambo limekwisha. Mimi niliwaandikia kiwanda kudai ada za kambi na godoro, wakanijibu kwa heshima na kunirudisha kwenye zile herufi kubwa. Barua ya pili nimeshaiandika. Inahusu siku ambazo gari lilikaa karakanani, kwamba zirudishwe kwenye mwaka wetu. Ipo kwenye kompyuta tangu Pasaka, na sijaamua kuituma.