Dodoma kodi ya nyumba siyo bei tu, ni hii miezi sita

Ndugu zangu wa Dar kila wakinipigia simu utasikia "nyie Dodoma mnafaidi, nyumba bei chee, ardhi imejaa". Leo naomba niliongelee hili maana mwezi mzima nimezunguka kumtafutia mdogo wangu chumba, kapata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, mshahara laki mbili na nusu.

Zamani ilikuwa kweli. Mi nimekulia Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma na nakumbuka mpangaji ndo alikuwa anabembelezwa. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kilipoanza 2007 vyumba vya wanafunzi vikaanza kuota huko Ng'ong'ona, alafu Julai 2016 Magufuli akatangaza serikali inahamia huku, mwaka haujaisha Waziri Mkuu kashafika, 2018 tukawa jiji, wizara nazo zikaenda Mtumba, kwenye mji wa serikali. Sensa ya 2012 tulikuwa watu 410,956, ya 2022 tukahesabiwa 765,179. Wote hao wanataka pa kulala.

Nyumba zinajengwa sana, hilo sikatai, pita Ilazo, Nzuguni, Iyumbu uone matofali na mchanga kila kona. Ila angalia zinajengwa zipi. Mwenye kiwanja anajenga huku anamuwaza mtu wa wizara: vyumba viwili kimoja masta (choo na bafu humo humo ndani), sebule, jiko, jipsamu juu, fensi na geti, na bei anaipanga kwa kuhesabu mshahara na posho za huyo huyo mtu. Mei Mosi ya 2025 ilitangazwa kima cha chini cha watumishi wa umma kinapanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, basi rafiki yangu aliyepanga Ipagala akapandishiwa kodi Julai hiyo hiyo, na yeye anafundisha shule binafsi, ile nyongeza haimhusu hata senti moja! Alipomweleza mama mwenye nyumba akajibiwa, "Mwanangu, hata jirani kapandisha."

Sasa turudi kwa mdogo wangu. Dalali kwanza umpe elfu kumi ya kuoneshwa, upate chumba usipate hairudi. Katupeleka Ilazo, chumba masta laki na ishirini. Rangi imepigwa juzi juzi lakini nilivyogusa ukuta kwa chini karibu na sakafu ikabanduka ikabaki mkononi pamoja na unga unga mweupe wa chumvi. Nikafungua bomba, ikatoka hewa. Naambiwa maji ni ya mgao, siku mbili kwa wiki, simtanki lipo ila ni la baba mwenye nyumba, siku yasipotoka mnanunua kwake kwa ndoo. Luku, yani mita ya umeme, ni moja wapangaji wanne na mnachanga sawa, mwenye friji na mwenye taa moja wote kitu kimoja.

Yote hayo mdogo wangu alikuwa tayari kuyavumilia, kijana akianza maisha anavumilia. Ila kodi wanataka miezi sita kwa mkupuo. Yani 720,000, weka na mwezi mmoja wa dalali inakuwa 840,000, hapo godoro hujanunua, mtungi wa gesi huna. Mtu wa laki mbili na nusu hata asile kabisa, asipande daladala, ni mshahara wa miezi mitatu na zaidi, kwa hiyo anaenda wapi? Anaenda kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, na nimeona watu wazima wanachukuliwa mpaka kitanda sababu ya hela waliyokopa kulipia kodi.

Nilimuuliza yule baba kwa adabu tu, mzee wangu kwa nini usipokee hata mitatu mitatu. Akasema kuna jengo lingine analimalizia, anahitaji hela ya bati, alafu wapangaji wa mwezi mwezi wanamsumbua, kuna mmoja alihama usiku na deni. Namwelewa kabisa. Lakini maana yake muuza duka wa laki mbili na nusu ndo anamkopesha mwenye nyumba hela ya bati, bila riba, na hakuna anayeuita mkopo.

Mwisho tumepata Mkonze, chumba cha kawaida, choo cha nje, elfu hamsini, mama mwenye nyumba kakubali miezi mitatu na mkataba tumesainia kwa mwenyekiti wa mtaa. Ni mbali na kazini, akifunga duka usiku daladala zimepungua inabidi bodaboda, na hiyo bodaboda inakula karibu yote tuliyookoa.

Sheria ya zamani iliyokuwa inadhibiti kodi za nyumba ilishafutwa, na sasa kila mtu anajipangia anavyotaka. Siombi serikali impangie mtu bei ya nyumba yake aliyoijenga kwa jasho lake. Naomba kitu kimoja tu, iwekwe kisheria kwamba mwenye nyumba asidai zaidi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Bunge liko hapa hapa mjini kwetu na kikao cha bajeti kinaanza kila Aprili, wauza maduka, mama ntilie na walinzi wanaowahudumia wabunge wakija ndo hao hao wanaodaiwa miezi sita.