Kihispania changu: programu saba, zimebaki mbili na nusu

Wiki ya 1

Nilianza kwa pupa. Nilipakua programu saba kwa mpigo nikijiambia nitazilinganisha. Hakuna ulinganisho uliofanyika. Kila moja ilitaka kunipima, ikaniuliza lengo langu, ikaomba ruhusa ya kunikumbusha kila jioni, kisha ikanifundisha "manzana". Siku nne zimepita na tofaa nimefundishwa mara saba. Nimefuta tano.

Wiki ya 2 na ya 3

Kati ya mbili zilizobaki, niliyoitumia zaidi ni ile ya mchezomchezo, yenye pointi na hesabu ya siku mfululizo. Sitaitaja jina, maana ugomvi wetu ni wa watu wawili. Siku ya 16, saa sita kasoro dakika mbili usiku, nilijikuta nimejikunyata kitandani nafanya somo la salamu nililokwisha kulimaliza zamani, ili tu namba isirudi sifuri. Sikujifunza chochote. Niliilisha programu tu.

Lakini kilichonitoa kabisa ni kingine. Zote hizi zinanifundisha kupitia Kiingereza. Ikaja sentensi yenye "you", nikatafsiri kitenzi "comen", yaani mnakula, kama wanavyosema Amerika ya Kusini. Kosa! Ilitaka "comes", unakula. Wewe na ninyi kwa Kiingereza ni neno moja, kwa Kihispania yametengana, kwa Kiswahili pia. Mimi na Kihispania tunaelewana vizuri kabisa, ila katikati amekaa mkalimani asiyesikia.

Wiki ya 4

Hizo mbili nimeziacha, nimehamia Anki. Hii si shule, ni sanduku la kadi, na ndani halina neno hata moja mpaka uliweke. Unaandika swali upande mmoja, jibu upande wa pili, halafu unajipima mwenyewe kwa vitufe vinne, kuanzia nimesahau hadi rahisi. Kadi uliyoipata inasogezwa mbele siku kadhaa, baadaye wiki, baadaye miezi. Uliyoikosa inarudi baada ya dakika chache tu, haina aibu. Hesabu yake ya zamani ya kupanga marudio ilitokana na ile ya SuperMemo, programu ya marudio ya miaka ya 1980. Mwaka 2023 iliongezwa nyingine inayoitwa FSRS, ambayo inaangalia jinsi wewe mwenyewe unavyosahau, nayo ndiyo nimeiwasha. Kwenye kompyuta na Android ni bure, kwenye iPhone inalipiwa.

Sura yake ni mbaya, kama fomu ya kujaza. Nimeichagua kwa sababu moja tu: upande wa swali naweza kuandika Kiswahili.

Wiki ya 5

Hii ndiyo wiki iliyolipa. Nilikuwa nimekwama kwenye "ser" na "estar", vitenzi viwili vya Kihispania vya "kuwa". Maelezo niliyoyakuta kila mahali yalisema "ser" ni kwa mambo ya kudumu na "estar" kwa ya kupita. Sawa, basi kwa nini marehemu ni "está muerto"? Kuna hali ya kudumu kuliko hiyo?

Nikaanza kuandika kadi:

Yeye ni mwalimu: es profesor.
Yuko sokoni: está en el mercado.

Hapo "ni" na "-ko" zimejipanga zenyewe. Kisha:

Amechoka: está cansado.
Amelala: está dormido.
Amekaa: está sentado.
Amekufa: está muerto.

Niliiweka simu chini. Ni ile "-me-" yetu! Jambo limetendeka, na sasa mtu yumo katika hali iliyobaki. Kudumu na kupita hakuhusiki hapa. Hata "está durmiendo" na "está dormido" ni analala na amelala, na hakuna anayehitaji kunichorea jedwali. Mwanafunzi anayepitia Kiingereza akitaka kusema mtu amekaa huvutwa aseme "está sentando", kwa kuwa Kiingereza kinamwonyesha tendo linaloendelea. Sisi mtego huo hatuukanyagi.

Haifuati mpaka mwisho, lakini. Sherehe iko nyumbani kwangu ni "la fiesta es en mi casa", kwa "ser", kwa kuwa tukio huchukuliwa kuwa linafanyika, si kitu kilichowekwa mahali. Hiyo nimeipa kadi yake peke yake, yenye rangi nyekundu.

Wiki ya 6

Wiki ya hasara. Nilichapa kadi 214 kwenye jedwali la kompyuta ili niziingize zote mara moja, nikahifadhi faili bila kuangalia mfumo wa herufi. Kila ñ na kila á ikaingia kama alama ya kuuliza ndani ya almasi nyeusi. Ukihifadhi, chagua UTF-8. Nilifuta zote nikaanza upya, maana ñ si pambo: "año" ni mwaka, na "ano" bila kile kiwimbi ni sehemu ya mwili ambayo hutaki kuitaja unapotaja umri wako.

Kosa jingine ni kuacha kadi mpya 20 kwa siku, kiwango inachokuja nacho. Siku ya kumi marudio yalikuwa yananimeza. Sasa nimeweka 8.

Wiki ya 7 na ya 8

Kadi hazifundishi masikio, kwa hiyo nimeongeza Dreaming Spanish, video ambazo mwalimu anaongea Kihispania tupu huku akichora na kuonyesha kwa mikono, zimepangwa kuanzia za asiyejua kitu. Ramani yao inafika saa 1,500. Mimi nina 31. Silalamiki, angalau humo hakuna Kiingereza.

Vitenzi ninavihakiki kwenye kamusi ya Real Academia Española, taasisi ya lugha ya Kihispania, ni bure mtandaoni na ina majedwali ya mnyambuliko. Hiyo ndiyo "nusu" ya kwenye kichwa cha habari, maana siitumii kila siku.

Kadi nzuri ya wiki: mwambie aje, "dile que venga". Nataka uende, "quiero que vayas". Kitenzi chao kinageuka palepale chetu kinapopata "-e". Kwenye "sidhani kama atakuja" tunaachana: wao wanageuza, sisi hatugeuzi.

Wiki ya 9

Kadi 388, ninazoshika sawasawa ni 301. Kinachonishinda ni rr. "Pelo" ni nywele, "pero" ni lakini, "perro" ni mbwa. Anki inaruhusu kurekodi sauti ndani ya kadi, basi kwenye ya mbwa nimeweka yangu ya wiki ya 5 na ya jana. Ya wiki ya 5 inasema lakini, bila ubishi. Ya jana ni mbwa kwa nusu ya kwanza.