Kisiwa kikivaa kilemba

Nimerudi Girvan baada ya miaka minane, nikakaa siku tatu, na kisiwa sikukiona. Nilisimama bandarini asubuhi na jioni. Mashua zimefungwa, mbele yake maji ya kijivu kidogo, halafu ukungu. Basi.

Kwa asiyejua, Girvan ni mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Uskoti, na mbele yake, kiasi cha kilomita 16 baharini, ndiko kiliko Ailsa Craig. Ni mabaki ya volkano ya kale, kimechomoza mita 338 juu ya maji, na hakuna anayeishi huko ila ndege. Mimi utotoni nilikiona ni wali. Mama alikuwa akishindilia wali bakulini kisha anaupindua kwenye sinia, na siku ya kwanza tulipofika, nikiwa na miaka saba, nilimwambia kuna mtu kapindua bakuli baharini.

Mama ni mtu wa Wete, na utabiri wa hali ya hewa wa redioni hakuuamini hata siku moja. Dirisha la jikoni lilimtosha. Wingu likitua juu ya kilele tu: "Kishavaa kilemba hicho! Anueni nguo!" Mimi na dada tunatoka mbio uani, vibanio mdomoni. Na kikionekana karibu mno, hata nyufa za mwamba unaweza kuzihesabu, napo tuanue, mvua haiko mbali. Wazee wa pale walikuwa na mzaha wao: ukikiona kisiwa, mvua inakuja, usipokiona, imeshafika. Nilipomtafsiria mama, alicheka mpaka akakaa chini.

Mwezi wa Juni ulikuwa na mambo yake. Jua huzama saa nne za usiku, upande wa kulia, nyuma ya milima ya Arran. Mama huyo dirishani na kanga yake, anangoja Magharibi huku anapiga miayo, na kazini anatakiwa alfajiri. Kisiwa kinageuka zambarau, kisha cheusi. Hakuna aliyewasha taa. Mpaka leo sijui kwa nini, labda umeme ulikuwa ghali.

Leicester ninakoishi sasa hakuna bahari. Kisiwa hunijia kwenye televisheni, kila Olimpiki ya majira ya baridi, kwenye ule mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu. Yale mawe, karibu kilo 20 kila moja, itale yake imetoka Ailsa Craig. Siku hizi mwamba haulipuliwi tena kwa baruti, ndege wasisumbuliwe. Yanachukuliwa yaliyokwisha kuanguka. Wanangu wamechoka kunisikia. "Baba, tunajua, ni kisiwa chako."

Chako! Hata kukanyaga sijakikanyaga. Boti za watalii zipo, nauli si ya kutisha, na rafiki zangu wa shule walikwenda wakarudi na habari za mnara wa taa wa 1886 na za ndege weupe wenye ncha nyeusi za mbawa, wanaojitosa majini kama mikuki. Walisema panya walioingia na meli walikuwa wamemaliza mayai na makinda, hadi walipoangamizwa kwa sumu mwaka 1991. Nilisikiliza yote kwa wivu, na bado sikwenda. Niliogopa nikishuka pale nitageuka, nitaona Girvan, na dirisha letu litakuwa nukta.

Siku ya tatu, treni ikiwa imebakiza nusu saa, nilipiga picha ya ule ukungu nikamtumia mama. Yuko Wete siku hizi, kastaafu, macho yamepungua nguvu. Sikuandika neno.

Alinijibu kwa sauti, kuku wanasikika nyuma yake.

"Nguo umeanua, mwanangu?"