Kisu cha Jirani, Dirisha la Danieli

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni Danieli sura ya 1, mstari wa 1 hadi 16, kisha mruke hadi sura ya 6 mstari wa 10. Lisomeni kwanza, mimi sina haraka.

Wiki jana kwenye ushirika wa nyumbani kijana mmoja aliuliza kama ni sawa kwenda kula Idd kwa jirani zake. Nilimjibu kwa sentensi moja, chai ikaletwa, tukaingia mambo mengine. Nikiwa kwenye bodaboda narudi Migosi, mtaani kwangu hapa Kisumu, ndipo nilipoona kwamba swali lake bado lilikuwa pale pale. Hakuwa anauliza habari ya pilau. Alikuwa anauliza, nikiketi pale nitakuwa nani? Basi nimpe jibu leo, ingawa litakuwa refu.

Kwetu ni Mumias, magharibi mwa Kenya. Wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani walifika huko na misafara yao, enzi za Nabongo, yaani mfalme, Shiundu na mwanawe Mumia, wakitafuta pembe za ndovu. Mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson alipopita mwaka 1883, wasafiri walikuwa wanapaita Kwa Sundu, kwa jina la huyo Shiundu. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1885, akapita Askofu James Hannington, mmisionari Mwingereza, akielekea Busoga, katika Uganda ya leo, alikouawa mwezi huo huo. Kwa hiyo dini hizi mbili zilitufikia kwa njia ile ile ya miguu, moja ikitangulia, na zote zikawakuta Wawanga, Waluhya wa kwetu, wana Mungu wao, Were, na namna yao ya kumwomba. Mtoto wa Mumias anazaliwa akisikia adhana na kengele, na mpaka anakwenda shule hajui kwamba kuna watu mahali pengine wanaogopana kwa ajili ya sauti hizo.

Baba yangu alikuwa katekista. Alifariki mapema mwaka 2011. Siku ya mazishi, majogoo hawajamaliza kuwika, jirani yetu Mwislamu alibisha hodi akiwa na kisu alichokifunga kwenye kipande cha gunia la sukari. Hakuna aliyemtuma mtu kumwita. Boma likiwa na msiba au harusi, na ng'ombe ataanguka, Mwislamu ndiye anayechinja, ili watu wote wale sufuria moja. Ukichinja mwenyewe umeshawaambia nusu ya majirani wako wakae na njaa.

Vijana walichimba shimo la damu, wakamwangusha fahali kwa ubavu wa kushoto, mzee akawaelekeza wamgeuze atazame kaskazini, mashariki kidogo, ndiko Makka iliko ukiwa kwetu. Hapo ndugu yangu mkubwa akasema anataka kuomba kwanza, kwa jina la Yesu. Tulinyamaza sote. Mzee akamtazama, akasema, "Omba, mwanangu. Omba yote. Mimi nikishika kisu, hapo uniachie."

Ndugu yangu akaomba, tena kwa urefu kuliko ilivyohitajika. Mzee alisimama ameinamisha kichwa, na ombi lilipokwisha hakusema Amina. Kisha akapiga goti, akataja jina la Mwenyezi Mungu kwa Kiarabu, akakata mara moja. Na sisi hatukusema Amina. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi sasa. Hakuna aliyeazima neno la mwenzake ili kumfurahisha, na hakuna aliyekasirika kwamba hakuazimwa.

Adhuhuri ilipofika, ibada ilikuwa bado inaendelea chini ya hema, mzee akajitoa polepole pembeni. Mama yangu, mjane wa siku nne, akiwa na sare yake ya akina mama wa kanisa na msalaba kifuani, aliinuka kutoka kiti cha mbele. Nikafikiri amezidiwa. Nikamfuata. Nikamkuta ameinama jikoni anajaza birika. "Shemeji," akamwambia mzee, "maji haya hapa. Nyuma ya ghala pasafi, nilipafagia asubuhi." Alipafagia asubuhi! Siku ya kumzika mumewe, kabla wageni hawajafika, alikumbuka kwamba kuna mtu atahitaji mahali pa kuswali. Mzee akatawadha, mama akarudi kuimba. Hakuna aliyemwambia Mama avue msalaba wake kwanza.

Sasa niwaambie aibu yangu, maana bila hiyo nitakuwa ninawahubiria tu. Mzee yule alikuwa na sababu ya kutokuja siku ile, na sababu ilikuwa mimi.

Mnakumbuka mwaka 2010, kura ya maoni ya katiba mpya, tarehe 4 Agosti, kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa hapana. Makanisa mengi yalisimama na nyekundu, na neno moja kubwa lililotusumbua lilikuwa Mahakama za Kadhi. Nilikwenda nyumbani likizo, nikasimama pale kwenye karakana yake ya baiskeli, watu wamejaa, nikasema kwa sauti kwamba hawa watu wanataka kutugeuza Waislamu kwa mlango wa nyuma. Sikujua hata ninachokisema. Mahakama hizo zilikuwemo tangu katiba ya uhuru, 1963, na zinashughulikia ndoa, talaka na mirathi kati ya Waislamu wenyewe wanaokubali kwenda mbele yake. Mtu anaweza kuipinga hoja hiyo kwa sababu za haki kabisa, na wako waliofanya hivyo kwa adabu. Mimi nilikuwa napiga kelele. Mzee hakunijibu. Alikuwa anaziba pancha, akaendelea kuziba. Miezi michache baadaye alikuja na kisu chake kumzika baba yangu.

Turudi kwa Danieli. Nilipokuwa mdogo nilifundishwa kwamba Danieli alikataa mambo ya Babeli. Someni vizuri. Alikubali mengi kuliko ambavyo mimi ningekubali. Alikubali shule yao, elimu na lugha ya Wakaldayo. Alikubali kazi ya serikali yao. Alikubali hata jina. Danieli maana yake Mungu ndiye hakimu wangu, wakambandika Belteshaza, na katika sura ya 4 mfalme mwenyewe anasema kwamba jina hilo limetokana na jina la mungu wake. Hebu fikirini, kuitwa kila siku kwa jina la mungu usiyemwabudu! Kwetu, kwa miaka mingi, ubatizo ulikuwa na maana ya kuacha jina la ukoo mlangoni na kuingia na jina la Kizungu. Tuliita wokovu. Danieli alifanyiwa kinyume chake, na Mungu wake hakupotea humo.

Alikataa sahani. Chakula cha mfalme na divai yake, basi. Na namna alivyokataa ndiyo inayonipiga mimi. Aliomba. Alikwenda kwa mkuu wa matowashi, na yule mkuu, ingawa alimpenda, aliogopa kwa ajili ya kichwa chake. Danieli hakumwita mpagani. Alikwenda kwa msimamizi wa chini yake, akamwambia tujaribu siku 10 tu, utupe vyakula vya shambani na maji, kisha utazame nyuso zetu. Aliona kwamba kukataa kwake kunaweza kumtia mtu mwingine hatarini, akatafuta njia ambayo yule mtu anaweza kuibeba.

Halafu sura ya 6, akiwa mzee sasa, amri imetoka kwamba mtu asimwombe yeyote ila mfalme. Biblia inasema madirisha ya chumba chake yalikuwa wazi kuelekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku, kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Kama alivyokuwa akifanya. Hakufungua dirisha siku ile ili waone. Lilikuwa wazi miaka yote, watu wa mtaa walishalizoea kama tunavyouzoea mlio wa king'ora cha kiwanda.

Nikajiuliza, 2010 mimi nilikuwa na dirisha gani? Nyumbani kwangu hapa Kisumu hatukuwa na sala ya jioni. Biblia ilikuwa juu ya kabati. Jumapili nilikuwa ninakwenda kanisani nikipata nafasi. Dirisha lilikuwa limefungwa, mdomo ndio uliokuwa wazi. Ninashuku kwamba wengi wetu tunaopigia kelele dini za watu tunaogopa kimya cha nyumba zetu wenyewe. Nasema ninashuku. Najihukumu mwenyewe kwanza.

Yako makosa ya upande wa pili pia, nayataja haraka. Mwingine atakwambia dini zote ni sawa, hakuna tofauti, tusisumbuane. Mwambie hivyo mzee wa kisu na atasikitika, maana umemwambia kwamba swala zake tano hazina uzito wa kumtofautisha na yeyote.

Ninafanya kazi ya vitabu vya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Tajiri wangu ni Mhindi, Mgujarati, familia yao wako Kisumu miaka mingi. Mnajua reli ilifika ziwani mwaka 1901, na maduka yakafuata. Kila Diwali wanabariki vitabu vipya vya hesabu. Vinawekwa mbele ya picha ya miungu yao, Lakshmi na Ganesha, taa zinawashwa, ukurasa wa kwanza unachorwa alama nyekundu ya heri. Na karani wa vitabu ni nani? Mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nimesimama pale nimebeba vitabu mikono miwili, na mama mwenye duka akaja na kisahani cha rangi apake vipaji vya nyuso vya wafanyakazi. Jasho lilinitoka. Nilimwambia polepole, "Mama, mimi ni Mkristo, naomba unisamehe kwa hiyo. Vitabu nitavishika mpaka mwisho." Akasema "sawa sawa", akapita kwa mwingine. Yaani hofu yangu yote ilimalizwa na sawa sawa mbili.

Mwaka uliofuata nilimwambia tajiri wiki moja kabla, ofisini, tukiwa wawili, ili asipate aibu mbele ya jamaa zake. Sasa imekuwa desturi. Nabeba vitabu, nasimama kando ya mlango, kisha napewa boksi la ladu na barfi, peremende zao za sikukuu, la kwenda nalo kwa watoto, lililonunuliwa dukani. Sinia iliyowekwa mbele ya picha, ile ya sadaka, siigusi, na hakuna anayenisukumia. Wao hawali nyama, kwa hiyo mimi sijawahi kuleta omena wala kuku ndani ya duka lile, ingawa ninyi mnajua Mluhya na kuku. Samaki wangu nakula kando ya ziwa saa saba na kunawa mikono vizuri kwa sabuni kabla ya kurudi.

Kwa hiyo kijana wangu, nenda Idd. Kula pilau. Binamu yangu aliyeokokea Nairobi alikataa nyama kwenye mazishi ya baba, akasimama katikati ya hema akitaja Wakorintho. Kutokula ni haki yake. Ila Paulo katika Wakorintho anaongea juu ya nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu, na yule mzee anaichukia sanamu pengine kuliko sisi wenye kalenda za picha ukutani. Na alikuwa ameketi hatua tatu tu, anasikia. Kama kuna kitu ambacho dhamiri yako haikiwezi, mwambie mwenyeji wako mapema, kwa upole, mkiwa wawili. Na wakikuuliza habari ya imani yako, jibu. Usiifiche kana kwamba ni deni.

Mzee alifariki miaka sita baada ya baba. Simu ilinifikia asubuhi, na wao hawalazi maiti, nikapanda matatu ya kwanza. Nilifika swala ya jeneza imeshapangwa. Nilivua viatu nikasimama nyuma kabisa ya safu, mikono chini, wao wakifunga mikono na kupiga takbira. Sikujifanya. Nikasema moyoni sala aliyonifundisha baba. Kaburini tulitupa udongo sote, nami nikatupa wangu kwa mkono, mara tatu kama wao, kwa sababu udongo ni udongo. Niliwahi kumwomba msamaha, namshukuru Mungu, kwenye karakana ile ile, na watu wakiwepo. Alisema, "Mambo ya kura yale," akanituma nimletee solusheni ya pancha.

Jioni nikiaga, mwanawe wa kwanza alinisindikiza hadi barabarani. Alikuwa na kipande cha gunia la sukari mkononi, nikakijua kabla hajakifungua. "Baba aliacha neno," akasema. "Boma lenu likiwa na jambo, nisingoje kuitwa."

Agosti tunamwoza binti wa ndugu yangu. Nimeshamwambia Mama apafagie nyuma ya ghala.